Wapangaji wa Bondeni

Kamanthe alikuwa na kidole gumba kilichopinda kidogo kuelekea ndani, na mtu akimuuliza kilipindwa na nini, alijibu kwa neno moja: mpunga. Kabla hajaolewa, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa akivuka mto Tana pamoja na wanawake wengine wa Kivaa kwenda Mwea kufanya kibarua cha kupandikiza. Walisimama ndani ya matope tangu asubuhi hadi alasiri, migongo imeinama, wakichomeka mche mmoja baada ya mwingine. Wenzake walirudi nyumbani na maumivu ya kiuno wakaapa kwamba hawatavuka tena. Kamanthe alivuka miaka minne mfululizo. Kazi ilimchosha kama ilivyowachosha wengine, lakini alipenda kuona maji yaliyokuwa matupu asubuhi yamejaa mistari ya kijani jioni, na kujua kwamba mistari ile ilitoka mkononi mwake.

Aliolewa na Aloys, fundi wa baiskeli katika soko la Kivaa, mwanamume mpole aliyeweza kushinda na mteja kutwa nzima akimnyooshea gurudumu bila kumwambia zaidi ya maneno kumi. Boma lao lilikuwa kwenye mteremko. Juu walilima mahindi, kunde na ndengu. Chini palikuwa na bonde dogo la udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi na kushika maji kama sufuria wakati wa mvua. Mahindi yaliyopandwa pale yalizama. Baba mkwe alipokufa aliwaachia bonde hilo wanawe wawili, Aloys na kaka yake mkubwa Kimeu, bila kuligawa, na kwa kuwa halikuwa na faida yoyote, hakuna aliyeona haja ya kuligombania.

Kisha ikaja mvua kubwa ya mwisho wa mwaka 1997, ile ambayo watu wote waliiita El Nino hata wasiojua kusoma. Barabara zilikatika, vyoo vilibomoka, na bonde likajaa maji yaliyokaa mpaka Februari. Watu walipita wakisikitika. Kamanthe alisimama ukingoni, kanga imefungwa kiunoni, akaona Mwea. Siku hiyohiyo aliagiza mbegu kwa rafiki yake wa zamani aliyeolewa ng'ambo ya Tana, na mbegu ilipofika, akaingia majini peke yake huku majirani wakimtazama kama mtu anayepanda samaki.

"Mama Mutuku, utavuna vyura," walimwambia. Mutuku alikuwa mwanawe wa kwanza, na tangu alipozaliwa hakuna aliyemwita Kamanthe kwa jina lake isipokuwa mama mkwe wake.

Hakuvuna vyura. Mwaka ule familia yake ilikula wali bila kungoja Krismasi, na wale waliokuwa wakicheka walifika na vibakuli. Mvua zilizofuata hazikuwa kubwa kama zile, lakini Aloys alimsaidia kujenga tuta la kuzuia maji upande wa chini na jingine la katikati, na bonde likawa majaruba mawili yaliyolingana kama kurasa mbili za daftari lililofunguliwa.

Mambo yalianza kuharibika mwaka wa tatu. Mpunga uliota, ukasimama wiki chache, kisha ukaanza kupauka. Majani ya chini yaligeuka manjano, halafu ya katikati. Mashuke yalitoka mafupi. Kamanthe alijua kwamba udongo ulikuwa umechoka, na alijua kwa nini. Kila mavuno aliyatoa majani yote akalisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe huyo ikaenda juu kwenye mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo ugali wa kila siku. Bonde lilikuwa likitoa tu, halipewi. Mwaka mmoja Aloys alinunua mbolea ya dukani, na wiki iliyofuata mvua moja kali ikavunja tuta na kuipeleka yote mtoni.

Hapo ndipo Kimeu alipolikumbuka bonde.

Kimeu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika vilima viwili. Alikuwa na ploti Katangi, vyumba sita vya kupangisha, na alitaka kuongeza vingine sita. Vyumba vinahitaji matofali, na matofali yanahitaji udongo wa mfinyanzi. Agosti ya mwaka 2002 alikuja kuwatembelea, akashuka bondeni kutazama mabua yaliyobaki, akarudi juu akipangusa viatu.

"Mama Mutuku, hizi nyasi zako zilipata homa ya manjano," alisema huku akikaa. "Hata ng'ombe akiziona anageuza uso."

"Ng'ombe yupi, shemeji? Wangu anazila."

"Wako hana la kuchagua."

Walicheka wote, hata Mbula, mama yao, aliyekuwa akichambua ndengu mlangoni mwa jiko. Lakini Kimeu alipomaliza chai alisema jambo lililomleta. Bonde ni la ndugu wawili. Miaka yote yeye hajaomba hata konzi ya mpunga. Sasa kama mpunga wenyewe unakufa, si afadhali udongo ufyatuliwe matofali, na Aloys apewe yake ya kujengea nyumba ya matofali aliyoiota tangu ujana?

Aloys alitazama mikono yake. Kaka mkubwa alikuwa ameomba kwa adabu, na lililoombwa lilikuwa la haki. Kamanthe alijua kwamba mume wake hatakataa. Alijua pia kwamba bonde likishachimbwa halirudi. Udongo ule mweusi ukienda tanuri, kinachobaki ni shimo la mbu.

"Nipe msimu mmoja," alisema. "Hizi mvua za Oktoba. Mpunga ukiwa manjano tena, sitatia neno. Njoo na watu wako, nitawapikia chai mimi mwenyewe."

"Manjano ni manjano? Usije ukaniambia ni rangi ya dhahabu."

"Manjano ni manjano, shemeji."

Mbula alisema amesikia, na kwa kuwa mama amesikia, jambo likawa limefungwa.

Mwezi uliofuata kijana mmoja aitwaye Bartholomew alifika Kivaa kwa pikipiki. Alikuwa mzaliwa wa Kangundo, amesomea mambo ya udongo chuo kikuu, na alitafuta wakulima wachache wa mpunga nje ya Mwea wa kumsaidia katika majaribio yake. Katika tarafa nzima aliwapata saba. Walikutana kanisani, wakakaa benchi mbili za mbele, naye akasimama mahali pa padri akiwa na soksi zilizolowa matope.

Alisema kwamba katika hewa wanayovuta, sehemu nne kati ya kila tano ni kitu kiitwacho naitrojeni, na kwamba hicho ndicho chakula kinachoufanya mpunga uwe kijani. Ukikikosa, unageuka manjano. Ajabu ni kwamba mpunga umesimama katikati ya chakula hicho na hauwezi kukila, kama mtu mwenye njaa mbele ya ghala lililofungwa. Lakini kuna vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria, na baadhi yao wana ufunguo wa ghala hilo. Wanaishi kwenye mizizi, wanachukua naitrojeni ya hewa, wanaigeuza kuwa chakula ambacho mmea unaweza kukitumia, na pia wanaichochea mizizi iwe mingi na mirefu. Mmea nao unawapa sukari yake kidogo.

"Hii si dawa, na si miujiza," alisema. "Samadi msiache. Lakini shamba lililochoka linaweza kupata msaada."

Kisha akatoa pakiti za nailoni zenye udongo mweusi uliosagwa, laini, kama majani ya chai yaliyokwisha pikwa. Vijidudu vilikuwa humo. Kila mkulima alipewa mbili, moja kwa kila nusu ya shamba.

"Mziweke vizuri mpaka siku ya kupandikiza. Jua lisizipige. Mtu akiwa na friji, ni vizuri zaidi."

Benchi zote mbili ziliangua kicheko, maana umeme ulikuwa haujafika Kivaa. Mzee mmoja aliuliza kama friji itachomekwa kwenye mwembe au kwenye mbuzi. Bartholomew naye akacheka, na wakati kicheko kilipokwisha alikuwa tayari anaandika majina.

Kamanthe aliondoka akiwa amezifunga pakiti zake kwenye pindo la kanga. Alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa na mahali pazuri kuliko friji. Jikoni mwa Mbula, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga wa fito uliokuwa mweusi na kung'aa kwa masizi ya miaka thelathini. Hapo ndipo mbegu za familia zilipowekwa: mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, kunde ndani ya vibuyu, mtama katika vitambaa. Moshi ulizilinda na wadudu waharibifu, jua halikufika, panya hakupanda. Tangu Kamanthe aolewe hakuna mbegu iliyowekwa pale ikakataa kuota. Mbegu ni kitu hai, na moshi hauiui. Basi alipanda juu ya kigoda, akazitundika zile pakiti katikati kabisa, mahali pa heshima, palipopata moshi mwingi zaidi.

"Ni nini hicho?" Mbula aliuliza.

"Ni mbegu ya mizizi, mwaitu," Kamanthe alimjibu mama mkwe wake.

"Basi isogeze kidogo huku. Hapo moshi haujashika sawasawa."

Akaisogeza.

Mvua zilianza mwishoni mwa Oktoba. Kamanthe alipanda kitalu, miche ikatoka, na bonde likaanza kushika maji. Mara tatu kwa siku moto uliwaka chini ya zile pakiti, kwa uji, kwa ugali na kwa maji ya kuoga. Kila asubuhi Kamanthe aliinua macho kuziangalia, akafurahi kuona zimetulia.

Siku tatu kabla ya kupandikiza, Bartholomew alikuja kuonyesha namna ya kuzitumia. Kamanthe alimkaribisha jikoni, akapanda kigoda, akashusha pakiti zake kwa mikono miwili. Zilikuwa na rangi ya masizi na zilikuwa na joto, kama mayai yaliyotoka kulaliwa na kuku. Alimkabidhi akitabasamu.

Kijana alizipokea, akazigeuza, akatazama uchaga, akatazama mafiga.

"Zimekaa hapo tangu lini, mama?"

"Tangu siku ile ya kanisani. Hata siku moja hazijashuka."

"Mama," alisema polepole, "hawa wamekufa."

"Nani wamekufa?"

"Wale vijidudu. Joto kama hili hawaliwezi. Wamepikwa."

Kamanthe alikaa juu ya kile kigoda. Mbula aliacha kukoroga sufuria. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, Kamanthe alihisi kwamba ameharibu kitu kwa kukiheshimu mno.

"Wewe ulisema jua," Mbula alimwambia kijana kwa ukali. "Ulisema moto?"

Bartholomew alifikiri. "Sikusema moto, susu," alijibu, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Basi."

"Basi kosa ni langu," kijana alikubali, na Mbula akaendelea kukoroga.

Kamanthe aliuliza kama kuna nyingine. Ilibaki moja. Mkulima mmoja wa upande wa pili wa kilima alikuwa ameondoka katika majaribio baada ya mbuzi kula kitalu chake chote, na mojawapo ya pakiti zake ilikuwa ndani ya mkoba wa Bartholomew, imeviringishwa kwa kitambaa chenye maji. Ingetosha jaruba moja tu. Kuagiza nyingine kungechukua mwezi mzima, na miche haingengoja.

"Nipe hiyo," Kamanthe alisema. "Na uniambie yote. Usiache hata neno."

Alimwambia yote. Kamanthe alizunguka nyumba yake akitafuta ubaridi, kitu ambacho hakuwahi kukitafuta maishani. Alikipata nyuma ya mlango, kwenye kona ambako mtungi wa maji ulikuwa umekaa juu ya mchanga uliolowa. Akachimba mchanga kwa mkono, akaizika pakiti humo, shingo yake tu ikitokeza. Kwa siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kuchota maji kwa haraka. Asubuhi alipiga magoti akagusa mchanga kujua kama umekauka.

"Umewaamkia wageni wako?" Aloys alimuuliza siku ya pili, na kwa Aloys hayo yalikuwa maneno mengi.

"Wameamka salama."

"Wamekunywa chai?"

"Toka hapa, wewe."

Siku ya kupandikiza alingoja mpaka jua lilipoanza kulegea. Alimimina udongo wa pakiti hai ndani ya karai lenye maji, akaongeza sukari kidogo kama alivyoelekezwa ili ushike kwenye mizizi, akatumbukiza miche, akaifunika kwa majani ya mgomba kwa nusu saa. Miche hiyo aliipanda jaruba la juu, akisaidiwa na majirani wawili.

Zikabaki zile pakiti mbili za jikoni. Bartholomew alimwambia azitupe, kwamba hazina msaada wowote. Lakini Kamanthe hakuwa mtu wa kutupa. Hata kama vijidudu vimekufa, ule udongo ni udongo mzuri, mweusi, na umetoka mbali. Tena aliona si vizuri jaruba moja lihudumiwe na jingine liachwe hivihivi. Akaleta karai la pili, akachanganya udongo uliopikwa na maji na sukari ileile, akatumbukiza miche iliyosalia kwa nusu saa ileile, akaipanda jaruba la chini. Kijana alimtazama, akatabasamu kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mwezi wa kwanza majaruba yote mawili yalikuwa sawa, na Kamanthe alilala vizuri. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na sokoni watu hawakuzungumza jambo jingine. Yeye alikwenda bondeni kila asubuhi. Krismasi ikapita. Siku chache baada ya watoto kurudi shuleni Januari, aliposimama juu ya tuta la katikati, alihisi kwamba macho yanamdanganya. Akapanda juu hadi barabarani akatazama kutoka mbali. Jaruba la juu lilikuwa kijani kibichi. La chini lilikuwa limeanza kupauka. Tuta lilikaa katikati yao kama mpaka wa nchi mbili.

Alifurahi, kisha moyo ukamshuka. Manjano ni manjano. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe, mbele ya mama.

Kimeu alifika katikati ya Februari akiwa na fundi wa matofali, kibao cha kufyatulia, na vigingi sita begani. Alisimama barabarani akatazama chini kwa muda mrefu. Alipofika uani alikuwa anacheka.

"Mama Mutuku, mimi nilikuja kuchukua bonde. Sasa nimeona umenigawia. Ile ya kijani yako, ile ya manjano yangu. Hata tuta umenijengea."

"Karibu chai kwanza, shemeji."

"Chai nitakunywa. Lakini tukubaliane. Hii ya juu uliitilia samadi, ya chini ukaisahau. Nusu mbolea, nusu njaa. Huo si mpunga kupona, ni mpunga kununuliwa dawa."

"Sikutia samadi hata kiganja. Juu na chini nilitia kitu kimoja."

"Kitu kimoja, rangi mbili?"

Kamanthe alimwambia yote. Hakuficha uchaga wala moshi. Alipofika mahali pa pakiti kuwa na joto kama mayai, Kimeu alijipiga paja akacheka mpaka machozi, na fundi wake akacheka, na Mbula akasema kutoka jikoni kwamba kama wanacheka uchaga wake waseme kwa sauti asikie. Lakini Kamanthe aliendelea bila kucheka.

"Sikiliza, shemeji. Makarai yalikuwa mawili. Udongo mweusi uleule, maji yaleyale, sukari ileile, siku moja, mkono huu mmoja. Tofauti ni kwamba juu walikuwa hai, chini walikuwa maiti. Kama ingekuwa ni mbolea ya ule udongo, kote kungekuwa kijani. Moshi haukuondoa udongo. Uliondoa uhai tu."

Kimeu aliacha kucheka. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mjinga, na udongo aliujua tangu utotoni. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka bondeni. Wote walimfuata. Aling'oa shina moja kutoka jaruba la juu, akasuuza mizizi yake majini. Ilikuwa mizito, myeupe, imejaa nywele kama ndevu. Akang'oa jingine chini, akasuuza. Mizizi ilikuwa michache na mifupi. Akahesabu machipukizi: kumi na saba huku, kumi na mawili kule. Akang'oa mengine mawili, na Kamanthe akavumilia kuona mpunga wake ukitolewa.

"Hawa wadudu," Kimeu alisema hatimaye, "wanakula nini?"

"Mpunga unawapa sukari. Wao wanaupa chakula cha hewa. Ni kama ploti yako Katangi. Mpunga umewapangisha chumba kwenye mizizi, nao kodi wanalipa kwa kumpikia mwenye nyumba."

"Wapangaji wa kumpikia mwenye nyumba." Kimeu alitikisa kichwa. "Wangu hata kufagia hawataki."

Akasimama pale, miguu ndani ya matope, mashina manne mkononi. "Lakini tulisema manjano ni manjano. Na ile nusu ni manjano. Ama siyo, Aloys?"

Aloys alikuwa juu ya tuta. Kila mtu alimgeukia, na yeye kwanza alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Ile ya manjano ndiyo shahidi," alisema. "Bila hiyo, tungejuaje? Ukimchimba shahidi ufyatue matofali, hata hii ya kijani itakuwa ni hadithi tu."

Hakuna aliyewahi kumsikia Aloys akisema maneno mengi hivyo mbele ya kaka yake. Kimeu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu watahiriwe.

"Na ningekuta yote ni manjano, Mama Mutuku?"

"Ungechimba. Na chai ningekupikia."

Kimeu aliamini kwamba angetimiza neno lake, na ndiyo sababu alikubali kuliacha bonde. Alimkabidhi Kamanthe yale mashina kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akapanda mteremko akipiga hatua nzito. Kule juu, nje ya bonde, palikuwa na kichuguu kikubwa kilichokuwepo tangu wakati wa baba yao, kigumu kama jiwe. Alikipiga teke.

"Udongo wa kichuguu unafyatua matofali mazuri," fundi alisema kwa upole. "Shida ni kuuchimba tu."

"Si ndiyo maana nimekuleta na mikono miwili?" Kimeu alijibu, na akachomeka kigingi cha kwanza.

Walivuna Machi. Jaruba la juu lilitoa debe kumi na nne, la chini kumi na moja. Haukuwa muujiza, kama Bartholomew alivyosema, lakini ulikuwa mpunga mwingi kuliko wa miaka miwili iliyopita, na nusu ya bonde haikuwa imepata msaada wowote. Kijana alikuja kupima, akamwambia Kamanthe jambo lililomshangaza: kwamba huko chuoni, mtu akitaka kujua kama ni vijidudu kweli vinavyofanya kazi, huchukua kiasi fulani akakichemsha makusudi, akapanda nacho upande wa pili ili apate kulinganisha. Yeye alikuwa hajapanga kufanya hivyo Kivaa, kwa sababu aliogopa wakulima wangeona wanapewa kitu kilichokufa.

"Basi nilifanya kazi yako," Kamanthe alisema.

"Ulifanya, mama. Na vizuri."

Jumapili iliyofuata walipika wali, na Kimeu akaja na mkewe. Alikula sahani mbili, kisha akaomba sufuria iletwe alipokaa, akakwangua ukoko mwenyewe kwa kijiko, akisema kwamba kwa kuwa nusu ya bonde ni yake, ukoko wote ni haki yake. Mbula alimwambia ale polepole, meno si matofali.

Msimu uliofuata Kamanthe alipewa pakiti nne. Alimpa ng'ombe nusu tu ya majani, nusu akayafukia bondeni pamoja na samadi. Pakiti zilikaa kwenye mchanga chini ya mtungi, na juu ya uchaga mahindi na kunde zikaendelea kunusa moshi kama kawaida. Isipokuwa kiganja kimoja cha ule udongo mweusi. Hicho alikifunga kwenye kitambaa, akakitundika juu ya mafiga kwa wiki tatu, na Mbula hakuuliza kwa nini. Alipanda nacho mistari miwili tu, upande wa barabarani, mahali ambapo mtu anayepita kwa baiskeli hawezi kukosa kuiona.

Kimeu alipita Januari akienda Katangi. Akafunga breki, akaweka mguu mmoja chini, akatazama ile mistari miwili iliyopauka kando ya bonde zima la kijani.

"Hao wa jikoni hawajambo?" alipaza sauti.

Kamanthe aliinua kichwa kutoka majini, kidole gumba kimejaa matope.

"Wamelala, shemeji. Wasalimie wapangaji wako."